Yahya Khan: Jenerali aliyeandaa uchaguzi, akakaidi matokeo, Pakistan ikagawanyika

JENERALI Agha Muhammad Yahya Khan alikuwa rais wa tatu wa Pakistan, na wa mwisho kuitawala nchi hiyo ikiwa na majimbo ya Magharibi na Mashariki, yaliyotenganishwa na takriban kilomita 1,600 za ardhi ya India.

Alizaliwa Chakwal, Punjab, mwaka wa 1917 na akawa mkuu wa jeshi mwaka wa 1966. Machi 25, 1969, Rais Ayub Khan, aliyelemewa na maandamano, alimkabidhi hatamu za uongozi. Yahya alitangaza utawala wa kijeshi, akaahidi uchaguzi.

Ahadi hiyo aliitimiza. Desemba 1970, wananchi waliwachagua wabunge wa taifa moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1947. Mashariki ilikuwa na watu wengi zaidi, lakini serikali na jeshi vilidhibitiwa na Magharibi. Chama cha Awami League, chake Sheikh Mujibur Rahman, kilitwaa viti 160 kati ya 162 vya Mashariki, idadi iliyotosha kuunda serikali pasipo mshirika. Chama cha PPP cha Zulfikar Ali Bhutto kilipata 81, vyote vya Magharibi.

Bhutto alipokataa kuhudhuria Bunge, Yahya aliahirisha kikao mnamo Machi 1, 1971. Mashariki ikalipuka kwa migomo. Mazungumzo yalipogonga mwamba, usiku wa Machi 25 wanajeshi walivamia Dhaka na kumkamata Mujibur. Kesho yake uhuru wa Bangladesh ulitangazwa.

Idadi ya waliouawa ingali inabishaniwa. Wakimbizi wapatao milioni 10 walivuka mpaka kuingia India, ambayo ilijitosa vitani mapema Desemba. Desemba 16, majeshi ya Pakistan yalisalimu amri jijini Dhaka, na watu wapatao 93,000 wakashikwa mateka.

Siku nne baadaye Yahya alijiuzulu. Aliyempisha alikuwa Bhutto, ambaye alimweka katika kifungo cha nyumbani. Tume ya Jaji Mkuu Hamoodur Rahman ilipendekeza ashtakiwe, lakini kesi hiyo haikuwahi kusikizwa. Alifariki Rawalpindi mnamo Agosti 1980.

Wapigakura wa Mashariki hawakuwa wameulizwa iwapo walitaka kujitenga. Waliulizwa nani aongoze Pakistan, wakajibu. Jibu lao lilipokataliwa, ndipo walipoiacha Pakistan yenyewe.