Kilimia Juu ya Kpandroma: Majina ya Nyota na Mwanzo wa Mtazamaji

1. Utangulizi

Alasiri ya tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa. Njia ya giza kamili ilivuka kaskazini-mashariki ya Kongo, ikaingia Uganda upande wa Pakwach, na hapa kwetu katika nyanda za juu za Djugu mwanga ulififia kabla ya saa yake. Kwa siku chache watu walizungumza juu ya anga, kisha mazungumzo hayo yakaisha. Miaka kadhaa baadaye niliwauliza wanafunzi wangu wanitajie nyota wanazozifahamu kwa majina. Walinijibu kwa neno moja: "nyota". Mmoja aliongeza "nyota ya asubuhi". Hakuna aliyetaja jina lolote katika lugha ya nyumbani kwao.

Makala haya yanajadili swali lililozaliwa na jibu hilo: mtu wa Kpandroma anayetaka kuanza kuzitazama nyota kama burudani ya akili aanzie wapi? Jibu tulilozoea kusikia ni kwamba anahitaji darubini, na kwa kuwa darubini ni ghali, basi shughuli hiyo ni ya watu wa mbali. Nitajaribu kuonyesha kwamba historia ya majina ya nyota katika Kiswahili inatupa jibu jingine. Majina hayo yalitungwa na watu waliotazama kwa macho matupu, na waliofanya hivyo kwa sababu maisha yao yalidai hivyo. Tulichopoteza sisi ni desturi ya kutazama. Chombo hakikuwapo tangu mwanzo.

2. Jina lililotoka shambani

Ushahidi wa kale zaidi unaotajwa katika eneo letu umetoka Ishango, mahali Mto Semliki unapoanzia katika Ziwa Edward kabla ya kuteremka hadi Ziwa Albert, ziwa lililo chini ya milima yetu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mdogo wenye chale zilizopangwa kwa mafungu, ambao umri wake hukadiriwa kuwa kama miaka 20,000. Mwaka 1972 Alexander Marshack alidai kwamba chale hizo ni hesabu ya siku za mwezi wa angani. Wataalamu wengine wanaziona kuwa hesabu tu, na mjadala haujafungwa. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels. Kwa hoja yetu inatosha kusema kwamba dhana ya Waafrika wa kale kuhesabu anga si ya kubeza.

Ushahidi wa lugha ni imara zaidi. Kiswahili huliita kundi dogo la nyota zilizosongamana Kilimia, na jina hilo limo katika kamusi tangu karne ya 19. Mzizi wake ni -lim-, yaani ule ule wa kitenzi "lima". Wazulu na Waxhosa, walio maelfu ya kilomita kusini ya pwani ya Waswahili, huliita kundi hilo hilo isiLimela, kwa mzizi huo huo. Na Waxhosa walikuwa wakihesabu miaka ya utu uzima wa mwanamume kwa isiLimela alizoziona tangu atoke jandoni. Ulinganifu wa namna hii hauwezi kuwa wa bahati. Unatuonyesha kwamba wasemaji wa lugha za Kibantu waliifunga kalenda ya jembe na kundi hilo muda mrefu kabla ya kalenda za maandishi kuwafikia.

Methali ya pwani inaeleza jinsi kalenda hiyo ilivyotumika: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kuzama hapa ni kupotea kwa Kilimia katika mwanga wa machweo mwezi wa Mei, na kuzuka ni kuonekana tena alfajiri upande wa mashariki mwezi wa Juni. Aliyeitunga methali hii alikuwa ameangalia miaka mingi mfululizo.

3. Majina ya baharini na ya kitabuni

Fungu la pili la majina lina asili tofauti kabisa. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, sayari tano zionekanazo bila chombo, zote zina majina ya Kiarabu. Neno "falaki" ni la Kiarabu pia, na "darubini" limetoka Kiajemi. Majina haya yalikuja pamoja na vitabu, hesabu za mwezi mwandamo, utabiri wa wanajimu na usafiri wa majahazi. Ni jambo la kuzingatia kwamba Waarabu walikuwa na jina lao la Kilimia, Thurayya, lakini halikuling'oa lile la wakulima.

Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa kibao kidogo chenye uzi uliofungwa mafundo, kiitwacho kamal, na kipimo chao kilikuwa kidole, isba. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha urubani kati ya 1489 na 1490, alitunga pia utenzi unaoeleza njia ya Sofala. Hapo zamani ilisemwa kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498, lakini wanahistoria wengi leo hawakubali. Tatizo la kila rubani aliyekwenda kusini lilikuwa hili: Nyota ya Kaskazini hushuka kadiri mtu anavyoikaribia Ikweta, mpaka haifai tena kupimwa, naye hulazimika kujua nyota nyingine.

Kiswahili kilifika Ituri kikiwa na mizigo mingine. Katika miaka ya 1880 Wangwana wa misafara waliingia msituni wakitafuta pembe. Baada ya dhahabu kugunduliwa Kilo mwaka 1903, migodi na misheni zilikieneza zaidi. Kilikuwa lugha ya soko, ya kazi na ya amri. Hakikuwa lugha ya kulimia wala ya kusafiria baharini, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kubeba Kilimia. Shughuli za shamba zilibaki katika Kilendu, Kialur, Kihema na Kibira, na inaelekea majina ya nyota yalibaki humo pia. Kilendu ni lugha ya Sudani ya Kati na Kialur ni ya Kiniloti; hatuwezi kutazamia kuukuta humo mzizi -lim-. Ni lazima tuulize.

4. Namna ya kuanza Kpandroma

Mahali petu pana faida. Kpandroma iko takriban nyuzi 2 kaskazini ya Ikweta, kwa hiyo karibu nyota zote za kaskazini na kusini hupita hapa katika mwaka mmoja. Nyota ya Kaskazini yenyewe huwa chini mno, nyuma ya vilima. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho kinachomfaa anayeanza.

Achague usiku usio na mwezi, azime taa, ayape macho dakika 20 kuzoea giza. Saa 2 usiku mwezi wa Januari, mashariki, karibu na utosi, ataona nyota tatu zilizojipanga kwa mstari. Akiufuata mstari huo kwenda juu, upande wa kaskazini-magharibi, atakutana na nyota yenye wekundu iitwayo Aldebaran, na mbele yake Kilimia. Jina Aldebaran kwa Kiarabu lina maana ya mfuasi, kwa kuwa hukifuata Kilimia usiku kucha. Akishuka upande wa pili ataikuta Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Kisha ahesabu nyota za Kilimia: wengi huona sita. Galileo, kwa darubini yake, alichora 36 katika kitabu alichokichapisha mwaka 1610. Darubini ndogo ya mkononi inatosha kuonyesha jambo hilo.

Hatua ya pili ni daftari. Kila wiki, saa ile ile, aandike tarehe na mahali Kilimia kilipo. Mwanzoni mwa Februari, saa 1 jioni, kitakuwa karibu na utosi, mwishoni mwa Aprili kitakuwa chini magharibi, Mei kitazama. Hapo aipime methali ya pwani. Kwetu kikizuka Juni mvua hupungua kwa muda tu, kisha hurudi kwa nguvu kuanzia Agosti. Methali ilitungwa kwa masika ya pwani, na mtazamaji wa Djugu ana haki ya kuisahihisha.

Siwezi kunyamazia jambo moja. Tangu mwishoni mwa 2017 vita vimewafukuza watu wengi wa Djugu majumbani mwao, na kwa wengi usiku ni wakati wa kujificha. Anayeanza atazame akiwa ndani ya ua wake, na jirani zake wajue anachofanya. Asitembee na tochi gizani, wala asiielekeze juu. Ikiwa usiku si salama, alfajiri ya Juni uani inatosha.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya nyota katika Kiswahili yana tabaka mbili, la jembe na la kitabu na bahari, na kwamba Kiswahili cha Ituri hakikurithi hata moja kwa ukamilifu. Pengo hilo halizibwi kwa kukariri kamusi. Wazee waliolima kwa kufuata nyota wanapungua, na uhamisho umewatawanya kambini, mbali na mashamba ambako majina hayo yalikuwa na kazi. Napendekeza kila mwanafunzi atakayeanza kutazama amchukue mzee mmoja nje usiku, amwonyeshe Kilimia kwa kidole bila kukitaja, na kumwuliza: hizi mwaziitaje, na zilipotokea mlifanya nini? Aandike jibu katika lugha ya mzee, pamoja na tarehe na mahali. Wakipatikana kumi watakaofanya hivyo, tutakuwa na mwanzo wa kamusi ya anga ya Ituri, na watazamaji kumi.