Hongo, Rubuni na Kilemba: Tunu ya Mwanzo na ya Mwisho katika Njia za Iringa na Mbeya

Mgeni anayekwenda kulala katika kambi za Hifadhi ya Ruaha, magharibi ya mji wa Iringa, aghlabu hufika na swali alilotoka nalo kwao: yule atakayemtandikia kitanda na kumtilia maji ya kuoga apewe chochote siku ya kwanza, au angojee siku ya kuagana? Wasafiri wa meli kubwa za starehe nao huulizana vivyo hivyo kuhusu mhudumu wa chumba. Wenye meli nyingi za Kimarekani wamelikata shauri kwa kuiingiza bakshishi katika hesabu ya kila siku, hata mgeni asijue ni saa ngapi ametoa. Katika Nyanda za Juu za Kusini shauri hilo halijakatwa, na wala si geni. Lilibishaniwa katika njia hizo hizo kwa vitambaa na ushanga, na mara nyengine kwa bunduki, kabla haijajengwa hoteli hata moja.

Kiswahili chenyewe kina neno kwa kila upande. Mganga hafungui mkoba mpaka apewe kifungua mkoba, na bwana harusi haingii chumbani mpaka atoe kifungua mlango. Hizo ni tunu za kutangulia. Fundi, kwa upande wake, hupewa kilemba mwanafunzi akishahitimu, kazi ikiwa imekwisha kuonekana. Hapana aliyeona aibu kwa hiki wala kwa kile, kwani kila kimoja kilikuwa na mahali pake na watu walipajua.

Lakini maneno nayo huchakaa, na yaliyochakaa zaidi ni ya upande wa kutangulia. Rubuni, ambayo katika Kiarabu ni arabuni, ilikuwa fedha ya kushikia mapatano: mnunuzi huiweka ili bidhaa isiuzwe kwa mwengine. Leo kumrubuni mtu ni kumlaghai. Hongo ilikuwa ada ya njia, ikitozwa hadharani na mwenye nchi mbele ya wazee wake, na leo ni kosa la jinai. Hata kilemba hakikunusurika, maana kipo kilemba cha ukoka anachovishwa mtu mwenye kupenda sifa. Bakshishi, iliyotoka Uajemi ambako maana yake ni kutoa na pia kusamehe, ndiyo iliyobaki na uso mkunjufu. Yafaa kuuliza maneno hayo yaliharibikia wapi, na sehemu kubwa ya jawabu imo barabarani, kati ya Iringa na Mbeya.

Katikati ya karne ya 19 watu wa pwani waliijua nchi ya Usangu kwa jina la Urori. Misafara ya Bagamoyo, Mbwamaji na Kilwa ilipanda nyanda hizo ikitafuta pembe na watumwa, na mingine ikaendelea hadi Ubemba na Itawa. Aliyetaka kupita alipaswa kupatana na wenyewe. Merikani na kaniki zilihesabiwa kwa doti, ushanga kwa rangi zilizopendwa mwaka ule, na mazungumzo yaliweza kuchukua siku kadhaa huku chakula cha msafara kikipungua. Wazungu waliopita njia za bara, Ugogo hasa, wamejaza kurasa za vitabu vyao kwa kuilalamikia hongo, wakiiita unyang'anyi. Waliyataja kwa nadra yale yaliyorudi kutoka upande wa pili: ng'ombe au mbuzi wa mgeni, nafaka, ruhusa ya kuteka maji visimani, na kiongozi wa kuwafikisha mpaka wa nchi ya jirani. Mwenye kupokea hongo alikuwa amejifunga. Msafara ukiporwa ndani ya mipaka yake, aibu ilikuwa yake.

Kwa hiyo hongo ilitangulia kwa sababu iliyo wazi: pande mbili hazijuani. Mgeni anayesema "nitakupa nikitoka salama" anaomba aaminiwe bure na mtu asiyepata kumwona kabla, na ambaye pengine hatamwona tena. Maadamu hapana kadhi atakayewasuluhisha wala ukoo unaowaunganisha, kitambaa kilichotolewa mbele kilifanya kazi ya shahidi.

Ila mlango wenye kupiganiwa hauna bawabu mmoja. Mwaka 1877 Frederic Elton, konseli wa Uingereza nchini Msumbiji, alitoka kaskazini ya Ziwa Nyasa akafika Usangu, akakuta nchi imo vitani baina ya Merere na Wahehe. Msafara wake ulikwama. Katika hali kama ile tunu aliyopewa Merere haikununua njia. Ilimfanya mtoaji ahesabiwe kuwa mtu wa Merere. Elton alinusurika Usangu, akafariki Ugogo mwezi wa Disemba mwaka huo huo.

Ndani ya misafara yenyewe kulikuwa na swali la pili, nalo linakaribiana zaidi na la mhudumu wa chumba: mpagazi alipwe lini? Wanyamwezi aghlabu walipatana kwa safari nzima. Waungwana wa Unguja, ambao wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa au waliojikodisha, walihesabiwa kwa mwezi, na hawakujitwisha mzigo mpaka wapewe malipo ya miezi kadhaa mbele. Henry Stanley alipotoka Unguja mwaka 1874 aliwatangulizia watu wake mshahara wa miezi minne, riyali tano kwa kila mwezi. Matajiri walinung'unika kwamba fedha ile iliishia katika pombe na nguo za fahari, na kwamba mtu akishaipata hutoroka. Kweli wapo waliotoroka. Lakini fedha hiyo ndiyo iliyolipa deni la dukani, ndiyo iliyoachwa nyumbani kwa mke na watoto, na kwa aliye mtumwa ndiyo bwana wake aliyoikatia sehemu. Watu wapatao 350 waliondoka Bagamoyo na Stanley. Waliofika Boma, karibu na bahari ya magharibi, Agosti 1877, walikuwa kiasi cha 115. Kwa wengi wa waliobaki njiani, wafu na watoro pamoja, hapakuwa na malipo mengine yaliyopata kuonekana na watu wao isipokuwa yale ya mwanzo. Tajiri alisifu subira na malipo ya mwisho kwa kuwa yeye alikuwa na hakika ya kuuona huo mwisho.

Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, anasimulia katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe jinsi wapagazi wa Kizaramo walivyomtoroka katika mojawapo ya safari zake za miaka ya 1860. Alirudi vijijini mwao, akawakamata watu kwa mamia, akawalazimisha kubeba. Ndipo Wazaramo wakamwita Kingugwa, chui yule asiyechagua wa kumshika. Anayasimulia haya bila ya haya. Lakini msomaji wa leo aone kilichotokea: mapatano yalipovunjika, upande mmoja ulikuwa na miguu ya kukimbilia, upande wa pili ulikuwa na bunduki. Hapo mjadala wa kutoa mwanzo au mwisho hauna maana tena.

Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 21, aliachiwa msafara na Keith Johnston aliyefia Behobeho, akaupitisha Uhehe na Ubena hadi kichwani mwa Ziwa Nyasa. Sifa ilikwenda kwa Thomson. Ila aliyekuwa mkuu wa wapagazi wale, aliyejua nani apewe nini na kwa wakati gani, ni James Chuma, mmoja wa wale walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Laiti Chuma naye angeandika kitabu.

Walipoingia Wajerumani, Mkwawa alikuwa amekwisha kuifanya Uhehe dola yenye nguvu, na makao yake yalikuwa Kalenga. Miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba watu wake wakiteka misafara na kutoza hongo. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Emil von Zelewski kilivamiwa Lugalo, na Zelewski mwenyewe akauawa. Oktoba 1894 Kalenga ilianguka, na tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe. Wakati huo huo kodi ya nyumba ilikuwa ikianza kukusanywa katika koloni. Njia zikawa huru kwa msafiri, ndivyo ilivyosemwa. Lakini aliyekaa nyumbani kwake bila ya kusafiri popote sasa ndiye aliyedaiwa. Mbuzi wa mgeni hakurudi kwa aliyelipa kodi hiyo, wala kiongozi wa njia. Yaelekea ni hapa neno hongo lilipoanza kupoteza heshima yake: mtoza ada wa zamani aliitwa mporaji na mtoza ada mpya akaitwa serikali.

Waingereza walipoichukua nchi, nyanda hizi zikawa ghala la vibarua. Kuanzia mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliyojulikana kwa jina la SILABU, iliajiri watu Njombe, Iringa na Mbeya wapelekwe mashambani. Mtu alisafirishwa na kulishwa njiani kabla hajakata jani moja la mkonge. Ukarimu huo wa mwanzo ulikuwa na uzito wake: aliyekwisha kuupokea alijikuta mamia ya maili kutoka kwao, akiwa na nambari badala ya jina. Ndio asili ya neno manamba. Tofauti na mpagazi wa Unguja yafaa ikumbukwe. Yule aliidai rubuni akiwa kwao, mbele ya jamaa zake, na aliweza kuitia mfukoni na kukataa. Huyu alipewa kitu kisichoweza kurudishwa, yaani safari.

Mji wa Mbeya ulikuwa umekwisha kusimama, mtoto wa dhahabu ya Lupa ya miaka ya 1920. Tangu mwaka 1932 ndege za Imperial Airways za kutoka London kwenda Cape Town zilikuwa zikitua hapo. Pamoja nazo wakaja watumishi wa vyumbani na mezani wenye kanzu nyeupe, na bakshishi ya siku ya kuondoka. Huyo mtumishi hakuwa na njia ya kuidai. Mgeni alitoa akipenda, kwa kiasi akipendacho, na kwa kuwa alikuwa akiondoka, hakuwajibika kwa lolote baadaye. Wapo wanaoiona hii kuwa ndiyo tunu safi, isiyo na masharti. Yafaa kuongeza kwamba ilikuwa safi kwa mtoaji. Mpokeaji alikuwa ameitumikia wiki nzima kwa tabasamu lisilo na mkataba.

Uhuru ulijaribu njia nyengine. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kuwa majivuno na wenye kudharau watu, na wafanyakazi waliushika mkononi kama ngao. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ilipita Makambako na Mbeya ikielekea Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 tangu Dar es Salaam. Mhudumu wa behewa la kulala alikuwa mwajiriwa wa shirika la umma la nchi mbili. Kumpa chochote kabla ya gari kuondoka kulifanana na kununua haki ambayo tiketi imekwisha kuinunua, na abiria wa kitanda cha pili, asiye na cha kutoa, alikuwa akitazama.

Huyo abiria wa pili ndiye aliyesahauliwa katika mjadala wote, na ndiye hasa anayepambanua tunu na rushwa. Hongo ya Usangu haikumdhulumu mtu wa tatu, kwani kila msafara ulijua kwamba utatoa. Inapotolewa ili mmoja apate na mwengine akose, hata ikipewa jina la heshima, ni jambo jengine. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilihalalisha takrima katika uchaguzi: mgombea angeweza kuwakirimu watu kwa nia njema kabla ya kura. Takrima ni neno tukufu, la nyumba yenye mgeni. Aprili 2006 Mahakama Kuu iliyatangua masharti hayo kuwa kinyume cha Katiba, na sababu mojawapo ni kwamba yalimbagua mgombea maskini.

Kambini Ruaha kwa kawaida huwekwa sanduku moja, mgeni akatia chake siku ya mwisho, kisha kikagawiwa baina ya wote, hata mpishi na mwosha nguo wasioonekana na mgeni. Ni mpango wa haki kuliko ule wa mkono kwa mkono. Lakini anayetaka kutoa siku ya kwanza hana haja ya kuona haya, ikiwa anatoa kwa kumtaja mtu jina na kumwuliza habari za nyumbani, bila ya kumdai chumba kizuri kuliko cha jirani yake. Watu wa nyanda hizo huipokea kwa mikono miwili, kwa adabu ile ile waliyompokelea mgeni tangu zamani.

Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini, lipo jumba dogo la makumbusho lenye fuvu la Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Anayekwenda kulizuru hulipa kiingilio mlangoni kabla ya kuona chochote. Mwenye kumtembeza, akimweleza habari za Lugalo na za ngome iliyobomolewa, hupewa chake akishamaliza.