Bendera, uzalendo na imani ya Kikristo Nyamagana

Bendera ni kitambaa chenye rangi na alama maalumu kinachopandishwa mlingotini ili kutangaza mamlaka, utii au imani ya kundi la watu. Katika wilaya ya Nyamagana, iliyo kitovu cha jiji la Mwanza kusini mwa Ziwa Victoria, kitambaa hicho hubeba mambo mawili ambayo Wakristo wa hapo huyashika kwa pamoja bila kuyachanganya, nayo ni uzalendo, yaani mapenzi ya mtu kwa nchi yake, na imani yao.

Kabla ya uhuru bendera zilizopepea Mwanza zilikuwa za watawala, kwanza ya Wajerumani hadi 1916, kisha ya Waingereza, ambao bendera yao nyekundu ya Tanganyika ilichorwa kichwa cha twiga. Tarehe 9 Desemba 1961 ilipandishwa bendera ya kijani na nyeusi yenye mistari ya dhahabu, na baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 iliongezwa buluu kutoka bendera ya Zanzibar. Kijani ni ardhi na mimea yake, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, na buluu ni maji ya bahari, mito na maziwa, rangi ambayo mkazi wa Nyamagana huiona kila siku akitazama ziwani. Bendera hiyo haina msalaba wala mwezi mwandamo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara katika nchi ya Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi, nao unalingana na Ibara ya 3 ya Katiba ya 1977, inayoitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, maana yake serikali haina dini rasmi, ilhali Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu.

Hata hivyo shuleni bendera ya taifa huendana na sala, kwa kuwa wimbo wa taifa unaoimbwa na wanafunzi wakiwa mstarini unatokana na utenzi wa kanisani uliotungwa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti huko Afrika Kusini. Hapo ndipo uzalendo na imani hukutana kwa nguvu zaidi kuliko katika kitambaa chochote, maana mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo humwomba Mungu mmoja kwa maneno yaleyale.

Wakristo nao wana bendera zao. Ile ya Vatikani, ya njano na nyeupe, rangi zilizochaguliwa na Papa Pius VII mwaka 1808, ina funguo mbili zinazokumbusha mamlaka aliyopewa Mtume Petro. Rangi hizo hupamba parokia za Kikatoliki siku za sherehe kubwa, na Mwanza ilikuwa miongoni mwa miji iliyompokea Papa Yohane Paulo II mnamo Septemba 1990. Miongoni mwa Waprotestanti ipo bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu juu ya mraba wa buluu, iliyotokana na wazo alilolitoa Charles Overton huko New York mwaka uleule wa 1897. Haimilikiwi na kanisa lolote.

Msiba ndio unaoonyesha wazi nafasi ya kila upande. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, taifa liliomboleza siku tatu, na marehemu wengi walizikwa Igoma, ndani ya Nyamagana. Katika maombolezo ya namna hiyo bendera hupepea nusu mlingoti kwa amri ya serikali, ilhali ibada ya maziko huachiwa viongozi wa dini. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Rais John Magufuli, Mkatoliki, ambaye jeneza lake lililofunikwa bendera ya taifa liliagwa Mwanza tarehe 24 Machi 2021, na siku mbili baadaye akazikwa Chato kwa ibada ya Kanisa lake.