Dar hadi Bujumbura, kwa kupitia Kigali

Hapa kambini, kila ifikapo tarehe 6 Aprili, huzuka swali lile lile: Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi alikuwa anafuata nini Kigali mwaka 1994? Wengine husema eti alikwenda kumtembelea mwenzake. Hapana. Alikuwa anarudi nyumbani.

Chukua ramani na rula. Toka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Bujumbura, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 1,160. Toka Dar hadi Kigali ni kama 1,140. Kigali hadi Bujumbura, kama 175. Kwa hiyo anayepitia Kigali anaongeza kilomita 155 hivi. Kwa jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa, hizo ni dakika 12, ukiacha muda wa kutua na kuruka tena. Kidogo sana, au siyo?

Siku ile marais wa kanda walikutana Dar kuzungumzia usalama wa Rwanda na Burundi. Mkutano ulichelewa kuisha. Ntaryamira alikuwa na ndege yake, lakini Falcon 50 ya Rais Juvénal Habyarimana ilikuwa na kasi zaidi, na hiyo ndiyo sababu inayotajwa mara nyingi. Akapanda. Ndege ingemshusha Habyarimana Kigali, kisha iendelee Bujumbura.

Saa mbili na nusu hivi usiku ikatunguliwa ikikaribia kutua Kanombe. Wote 12 walikufa, wakiwemo mawaziri wawili wa Burundi, Bernard Ciza na Cyriaque Simbizi, na Wafaransa 3 walioiendesha. Nani alirusha makombora, mabishano hayajaisha, nami siingii humo.

Rwanda yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwetu, Ntaryamira alikuwa rais wa pili kuuawa ndani ya miezi sita, baada ya Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Usiku ule Spika wa Bunge, Sylvestre Ntibantunganya, alitokea kwenye televisheni pamoja na mkuu wa majeshi, Jean Bikomagu, wakaomba utulivu. Bujumbura haikulipuka. Lakini amani haikuja. Sisi wa Bwiza, karitiye ya Waswahili pamoja na jirani yetu Buyenzi, zamu yetu ilifika Machi 1995: watu waliuawa, wengine wakafukuzwa majumbani, wengi wakakimbilia Uvira, ng'ambo tu ya mpaka.

Njia hiyo hiyo ya Dar ilirudi kwenye historia tarehe 13 Mei 2015. Rais Pierre Nkurunziza alikuwa Dar kwenye mkutano wa marais, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza mapinduzi na kuamuru uwanja wa Bujumbura ufungwe. Kilomita ni zile zile 1,160, ila pa kutua hapakuwepo. Mapinduzi yaliposhindwa, rais aliingia mjini kwa barabara, kupitia Ngozi. Wengi wetu tulikuwa tayari njiani kuelekea Tanzania.

Vitabu vingi vya nje humtaja Ntaryamira kwa nusu sentensi, kama abiria wa ziada kwenye ndege ya mwingine. Vijana wakiuliza, waambieni: alikuwa rais wa nchi, aliomba lifti, na alikuwa amebakiza kilomita 175 kufika kwake.