Mississippi John Hurt na Bluzi ya Ridhaa
Kumwita John Hurt mwanamuziki wa ridhaa ni sahihi: riziki yake aliipata shambani, huko Avalon, jimbo la Mississippi, Marekani. Kosa ni kuudhania uridhaa huo kuwa upungufu. Santuri alizorekodia kampuni ya Okeh mwaka 1928 hazikupata soko kubwa, naye akarejea kwenye kilimo. Mnamo 1963 Tom Hoskins alimpata, akiwa mzee wa takriban miaka 70, kwa kuufuata wimbo wake “Avalon Blues”, unaokitaja kijiji hicho. Matini, basi, ndiyo iliyomwokoa mtunzi wake. Katika albamu ya mwaka huohuo, *Folk Songs and Blues*, kidole gumba chashika besi kwa mpigo usioyumba, vidole vingine vyachukua lahani, na sauti yasimulia pasipo papara. Alifariki mwaka 1966.