Steve aliyekuwa mama, na programu zilizoandikwa nyumbani

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, mniwie radhi. Kazi zimenizidi, na sababu ni kwamba mwenzetu mmoja ofisini aliacha kazi mwezi uliopita, na msimbo wote aliokuwa akiushughulikia ukaniangukia mimi. Dada huyu alikuwa wa aina yake. Hitilafu ikishawashinda watu wanne, yeye anavuta kiti, anaangalia kidogo, anaipata kabla chai haijapoa.

Alikuwa ametoka likizo ya uzazi. Miezi mitatu yenye malipo kamili alipewa bila shida, maana Sheria ya Ajira ya 2007 inasema hivyo. Aliporudi aliomba kitu kimoja tu: siku tatu kwa wiki afanyie kazi nyumbani. Akakataliwa. Mwezi huohuo ofisi yetu (nisiitaje) ilinunua meza ya ule mchezo wa mpira wa vijiti, na friji ya soda za bure, ati tuvutie vipaji. Tangazo la kujaza nafasi yake limekaa wiki ya tano sasa. Waliokuja kwenye usaili waliipenda sana meza.

Basi katika kukesha na msimbo wa watu nimemkumbuka Steve, na leo naomba niwasimulie habari zake. Chuoni tulifundishwa Turing na von Neumann, huyu hatukutajiwa hata siku moja.

Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, akaitwa Vera Buchthal. Baba yake alikuwa hakimu, Myahudi. Mwaka 1939, akiwa na miaka 5, alipandishwa treni pamoja na dada yake wa miaka 9, wakawa miongoni mwa maelfu ya watoto waliokimbizwa Uingereza kuepushwa na Wanazi. Walilelewa huko na watu wasiowajua. Alipokua aliajiriwa kwenye kituo cha utafiti cha Posta pale Dollis Hill, London. Posta ya Uingereza wakati huo ilishika na simu, kama lile shirika letu la zamani la Posta na Simu, na hapo Dollis Hill ndipo ilipojengwa Colossus, mashine iliyosaidia kufumbua barua za siri za Wajerumani wakati wa vita. Mchana alifanya kazi, usiku akasomea shahada ya hisabati. Shahada akaipata, ila cheo alichostahili hakukipata, kwa kuwa ni mwanamke. Akahamia kampuni ndogo iliyokuwa ikibuni kompyuta, na huko nako akaona mapema mahali ambapo angesimamishwa.

Mwaka 1962 akaanzisha kampuni yake mwenyewe nyumbani kwake, kwa mtaji wa pauni 6. Jina lake wakati huo lilikuwa Stephanie Shirley, na kampuni akaiita Freelance Programmers. Watu walicheka. Siku hizo programu ilikuja bure pamoja na mashine, kama kamba inavyokuja na ng'ombe; nani atanunua kamba peke yake? Tena kwa mwanamke? Alituma barua nyingi za kuomba kazi, zikapotelea huko zilikokwenda. Mumewe akampa wazo: tia sahihi kwa jina la Steve. Akatia. Majibu yakaanza kuja, na akishafika mlangoni kwa mteja, basi ameshafika.

Wafanyakazi je? Hapa ndipo ninapotaka mabosi wetu wasome polepole. Uingereza ya wakati huo ilisomesha wasichana hisabati, ikawafundisha kompyuta, halafu wakiolewa, au wakipata mtoto wa kwanza, ikawaaga. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa na wanawake wenye ujuzi adimu kabisa, wamekaa nyumbani, na hakuna aliyewauliza kitu. Steve hakuwa na fedha za kushindana na makampuni makubwa kwa mishahara. Alichokuwa nacho ni kuwakubalia lile ambalo wengine waliwakatalia: fanya kazi kwako, kwa saa unazoziweza. Katika watu 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3 tu.

Msifikiri walikuwa na kompyuta mezani. Programu iliandikwa kwa penseli kwenye karatasi: kwanza mchoro wa hatua, kisha msimbo, mara nyingi ule wa mashine yenyewe. Karatasi zikatumwa kwa posta hadi kituo cha kutobolea kadi, kadi zikatobolewa, zikatobolewa mara ya pili kuhakiki, ndipo zikaifikia kompyuta. Mimi nikikosea nabonyeza tena baada ya sekunde mbili. Mama yule akikosea nukta moja, kosa linasafiri kwa posta kwenda na kurudi. Nadhani ndiyo maana walikuwa makini vile.

Shida ilikuwa wateja wasijue kwamba wataalamu wako nyumbani na wanafanya kazi saa chache. Steve mwenyewe akiongea na simu, mtoto wake Giles akiwa karibu, alicheza kanda aliyorekodi sauti ya taipureta ili nyuma yake pasikike kama ofisi yenye shughuli. Lakini hila iliyonifurahisha zaidi ni ya bei. Ukimtoza mteja kwa saa, atataka kujua nani alikaa saa ngapi na wapi. Kwa hiyo kampuni ikatoa bei moja kwa kazi nzima, jambo ambalo wachache sana walikuwa wakilifanya. Mteja akanunua kazi iliyokamilika. Kama iliandikwa alfajiri huku uji unachemka, haimhusu. Hivyo ndivyo programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde, ile iliyopita kasi ya sauti, zilivyoandikwa na kundi la wanawake wakiwa majumbani mwao.

Sitaki kumpaka rangi ya malaika. Mtu wa kujitegemea hulipwa kazi ikiwepo. Isipokuwepo anakaa na penseli yake. Na mwaka 1975 ilipokuja sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia kazini, sera ya kupendelea wanawake ikawa kosa, na kampuni ikalazimika kuwafungulia wanaume mlango. (Nilicheka peke yangu matatuni niliposoma hilo.)

Kuwapata ni jambo moja. Kukaa nao, Steve aliamua ni lazima kampuni iwe yao pia. Ilimchukua miaka mingi, lakini takriban robo ya hisa ilifika mikononi mwa wafanyakazi bila wao kulipa, ikatoka kwenye fungu lake mwenyewe. Kampuni, ambayo baadaye iliitwa F International, kisha FI Group, iliingia soko la hisa la London mwaka 1996, na wafanyakazi wake 70 wakawa mamilionea. Ikaja kuitwa Xansa, ikanunuliwa na Steria ya Ufaransa mwaka 2007. Giles, aliyekuwa na usonji, alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 35, na mama yake akatoa sehemu kubwa ya utajiri wake kwa mambo ya usonji na ya kompyuta. Yeye mwenyewe alifariki Agosti 2025, akiwa na miaka 91.

Mkuu wetu nilimsimulia kifupi wakati wa chakula cha mchana. Akasema ni hadithi nzuri, akaniuliza kama nimepata mtu wa kuleta usaili Ijumaa.

Jana usiku hitilafu moja ya malipo ilinishinda kabisa. Saa nne nikaona aibu lakini nikampigia yule dada. Nikamuuliza pia, angerudi kama wangekubali zile siku tatu? Mtoto akalia, akaniambia subiri kwanza. Aliporudi kwenye simu alisema ana wateja wawili sasa, na mkataba wa tatu atatia sahihi Jumatatu. Kisha akaniambia niangalie mahali tunapobadilisha saa za benki kuwa saa zetu. Ilikuwa hapohapo.