Kutoka Waya wa Sakafuni hadi Bluetooth: Televisheni na Wenye Ugumu wa Kusikia

Tangu BBC ilipoanza matangazo ya kawaida ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, mtu mwenye ugumu wa kusikia amekabiliwa na tatizo ambalo haliondoki kwa kuongeza sauti peke yake. Sauti itokayo kwenye spika hufifia kadiri inavyosafiri, hugonga kuta na kurudi, kisha hufika sikioni ikiwa imechanganyika na mazungumzo ya jamaa na milio ya vyombo. Na kwa kuwa uziwi wa uzeeni aghalabu huanzia kwenye sauti nyembamba, zinazobeba konsonanti kama s na f, msikilizaji husikia kwamba mtu anazungumza bila ya kutambua asemalo. Hata shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa na asiyesikia vizuri, hukuza kelele pamoja na maneno. Kwa hiyo juhudi za wahandisi zililenga kufupisha umbali kati ya chanzo cha sauti na sikio.

Hatua ya mwanzo ilikuwa ya Joseph Poliakoff, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Uingereza, ambaye mwaka 1937 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mfumo wa kitanzi cha sumaku. Katika mfumo huo, waya huzungushwa chumbani na kupitishiwa umeme unaofuata mtetemo wa sauti, nao hujenga uga wa sumaku unaonaswa na koili ndogo iliyomo ndani ya shimesikio. Maneno yalifika sikioni bila ya kupita hewani, lakini ilibidi chumba kitandazwe waya, na uga huo ulipenya kuta hadi kwa jirani.

Mwaka 1975 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa teknolojia ya kusafirisha sauti kwa mionzi ya infraredi, ambayo ni mwanga usioonekana kwa macho. Kirushi kiliwekwa karibu na televisheni, na hedifoni, yaani visikizio vya kuvaa masikioni, zikaugeuza mwanga huo kuwa sauti tena. Kwa kuwa mwanga haupenyi ukuta, siri ya chumba ilihifadhika, jambo lililoufanya mfumo huo ufae pia mahakamani na katika kumbi za tamthilia. Lakini jua kali liliuvuruga, na mtu aliyesimama katikati aliweza kuukatiza.

Hedifoni za mawimbi ya redio, ambazo Ulaya zilitengewa masafa ya 863 hadi 865 MHz, zilimwezesha msikilizaji kwenda jikoni bila ya kupoteza neno, ingawa vifaa vya majirani viliweza kuingiliana. Faida yake kubwa ilikuwa ya kinyumba: kila mmoja alijipimia sauti yake, na mzee hakulazimika tena kuwakera wenziwe kwa sauti ya juu wala kujitenga nao.

Bluetooth, iliyoanza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson ya Sweden mwaka 1994, ilirahisisha uunganishaji lakini ikaleta kasoro mpya. Sauti hubadilishwa kuwa tarakimu, hubanwa, hurushwa, kisha hufunguliwa, na kazi hiyo mara nyingi huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, hivyo maneno huchelewa nyuma ya midomo; kasoro hiyo humdhuru zaidi asiyesikia vizuri, kwa kuwa yeye hutegemea kusoma midomo. Ndiyo maana watengenezaji kadhaa wa hedifoni za televisheni waliendelea kutumia mifumo mingine ya redio yenye ucheleweshaji mdogo.

Mfumo wa Auracast, uliopewa jina hilo mwaka 2022, unakiruhusu kirushi kimoja cha Bluetooth kuwafikia wasikilizaji wengi kwa pamoja, na kwa hilo unarudia wazo la Poliakoff: chanzo kimoja, masikio mengi. Hata hivyo, kitanzi cha sumaku hakijastaafu. Makanisa, kumbi na madirisha ya tiketi nchini Uingereza bado yanakitumia, kwa sababu shimesikio lenye koili, liwe la kampuni yoyote, hukipokea bila ya kuunganishwa kwanza na kifaa chochote.